Si Mashine, Ni Mpangilio: Mbona Kompyuta ya Bei Inaweza Kushindwa na Oda 30 za Kilifi

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu ambacho hakuna mtu anakipigia stori kwa base, lakini kinagusa kila msee anayeota kuunda programu yake, kuendesha biashara ya mizigo, ama tu kuelewa vile kompyuta hupanga kazi. Tunaongea kuhusu mpangilio wa maswali. Najua inakaa kitu cha kuchosha. Tulia kidogo tu, utaona noma yake.

Na usiogope hesabu. Mimi mwenyewe koleji niliiachia njiani na hii kitu niliishika. Wewe ni nani ushindwe?

Cheki hivi. Una kabiashara ka kupeleka mizigo na nduthi kutoka Kilifi mjini. Leo kuna oda tatu: moja ya Takaungu, moja ya Watamu, na moja ya Mambrui. Kwa kila oda kuna mambo mawili ya kujua. Mzigo umefika dukani? Na mteja yuko kwake? Yote mawili yakiwa ndio, hiyo safari inaweza kutoka. Mdosi naye anataka jibu moja tu: kuna hata safari moja ya kutoka saa hii?

Hapo una maswali sita. Utayauliza kwa mpangilio gani?

Njia ya kwanza, unamaliza oda moja kabla ya kuingia nyingine. Mzigo wa Takaungu umefika? Eeh. Mteja wa Takaungu yuko? Hayuko. Basi Takaungu imeisha, ingia Watamu. Ukifika Watamu huna haja ya kukumbuka chochote cha Takaungu. Kichwa kiko wazi.

Njia ya pili, unauliza mizigo yote kwanza, halafu ndio unaanza kupigia wateja wote. Sasa hapo kuna ngori. Ukimaliza kuuliza mizigo mitatu, lazima ukumbuke ni upi umefika na upi haujafika, la sivyo hutajua simu ya mteja gani ina maana. Mizigo mitatu ina hali 8 tofauti za kukumbuka. Mizigo 10 ina hali 1,024. Mizigo 20 ina hali 1,048,576.

Maswali ni yale yale. Jibu la mwisho ni lile lile. Kilichobadilika ni foleni tu, na tayari kichwa kimejaa. Shika hiyo, kwa sababu ndio stori yote ya leo.

Mchoro wa steji

Kompyuta ikifanya hiyo kazi ya maswali, kuna njia moja kali sana ya kuyaweka: mchoro wa maamuzi. Wenyewe huiita BDD. Ni mchoro wa ndio na hapana, na unaweza kuufikiria kama ramani ya mat.

Kila steji ina swali moja. Ukijibu ndio unapanda gari la kulia, ukijibu hapana unapanda la kushoto. Unashukishwa kwa steji ingine, swali lingine. Mwishowe unafika kwa moja ya steji mbili za mwisho: "Ndio, kuna safari" ama "Hapana, hakuna."

Kuna sheria tatu. Ya kwanza, foleni ya maswali ni moja kwa njia zote. Huwezi kuuliza Watamu kabla ya Takaungu hapa halafu ugeuze pale. Ya pili, steji mbili ambazo kutoka hapo kwenda mbele zinafanana kabisa, zinaunganishwa ziwe moja. Ya tatu, kama jibu la ndio na la hapana yote yanakupeleka mahali pamoja, hilo swali halina kazi, linatolewa.

Mwaka 1986 mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani anaitwa Randal Bryant alionyesha kwamba ukifuata hizo sheria, kila tatizo linapata mchoro mmoja tu kwa foleni uliyochagua. Hakuna miwili. Hiyo ni tamu sana, kwa sababu ukitaka kujua kama mambo mawili ni sawa, unacheki kama mchoro ni ule ule. Basi.

Lakini huu mchoro hauna daftari la pembeni. Chochote unachohitaji kukumbuka, lazima kiwe steji yake. Ukikumbuka hali 8, unahitaji njia 8 tofauti katikati ya ramani. Hapo ndipo foleni mbaya inakumaliza.

Hizi hapa namba za biashara yako ya nduthi, tukihesabu na zile steji mbili za mwisho. Upande wa kwanza ni foleni nzuri, ya kumaliza oda moja moja. Upande wa pili ni foleni mbaya, ya mizigo yote kwanza.

Oda 3: steji 8, dhidi ya 16.
Oda 10: steji 22, dhidi ya 2,048.
Oda 20: steji 42, dhidi ya 2,097,152.
Oda 30: steji 62, dhidi ya 2,147,483,648.

Soma hiyo ya mwisho tena. Tuseme kila steji inakula baiti 16 tu za memori. Foleni nzuri haifiki hata KB moja. Foleni mbaya inakula zaidi ya GB 34. Yaani kazi ambayo kompyuta ya zamani ya cyber ingeimaliza kabla hujameza mate, inaangusha mashine ya bei kwa sababu tu ya nani ameulizwa kwanza.

Na kununua mashine kubwa hakusaidii. Kwa foleni nzuri, kila oda ikiongezeka unaongeza steji 2. Kwa foleni mbaya, kila oda ikiongezeka mchoro mzima unadabo. Ukinunua mashine yenye memori mara mbili, umejinunulia nafasi ya mteja mmoja zaidi. Mmoja tu, manze.

Chui, mbuzi na majani

Sasa kupanga kunaingilia wapi? Kupanga kwa kompyuta ni hivi: unaipa hali ya mwanzo, unaipa vitendo vinavyowezekana, unaipa lengo. Yenyewe inatafuta vitendo gani, vikifuatana vipi, vitakutoa mwanzo vikufikishe kwa lengo.

Hii kitu unaijua tangu utotoni, ni vile hukuambiwa jina lake. Kuna ile hadithi ya jamaa mwenye chui, mbuzi na majani, anataka kuvuka maji. Chombo kinabeba yeye na kitu kimoja tu. Akiacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Tuiweke kwa ile mkono ya bahari ya Kilifi, enzi kabla ya daraja la 1991, wakati ukitoka Mnarani lazima uvuke na chombo ndio ufike mjini.

Kuna vitu vinne: jamaa, chui, mbuzi, majani. Kila kimoja kiko Mnarani ama Kilifi. Hiyo inatoa hali 16. Toa zile 6 ambazo kuna kitu kinaliwa, unabaki na hali 10 salama.

Kompyuta inaenda tabaka kwa tabaka. Mwanzo kuna hali 1, wote wako Mnarani. Baada ya mvuko mmoja, kuna hali mpya 1 tu salama: jamaa amevuka na mbuzi. Mvuko wa pili, anarudi peke yake, hali mpya 1. Wa tatu, anaweza kubeba chui ama majani, kwa hivyo hali mpya 2. Inaenda hivyo hadi mvuko wa 7, wote wako Kilifi na hakuna aliyeliwa. Ujanja uko katikati: lazima mbuzi arudishwe Mnarani mara moja.

Hali 10 unaweza kuandika kwa karatasi. Lakini kazi ya ukweli ina mambo mia ya ndio na hapana, na hapo hali zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 31. Hakuna kompyuta duniani itaziandika moja moja.

Hapa ndipo ule mchoro unaokoa. Badala ya kushika hali moja moja, kompyuta inaweka tabaka zima la hali ndani ya mchoro mmoja. Ni kama badala ya kutaja kila samaki, unasema "wote walio kwenye huu wavu." Mwaka 1990 Edmund Clarke, Ken McMillan na wenzao walionyesha kwamba kwa njia hii kompyuta inaweza kukagua mifumo yenye hali zaidi ya 10 iliyozidishwa yenyewe mara 20, yaani moja na sifuri 20. Wao walikuwa wanakagua saketi za kompyuta, lakini watu wa kupanga wakaona mlango umefunguka.

Na foleni? Iko pale pale, tena imeongeza makali. Kitendo ni habari ya kabla na baada: mbuzi alikuwa Mnarani, sasa yuko Kilifi, na chui hajatoka alipokuwa. Kwa hivyo maswali yanadabo. Kuna "mbuzi alikuwa wapi" na "mbuzi yuko wapi sasa," na hivyo kwa kila kitu. Ukiuliza kabla zote kwanza, halafu baada zote, umerudi kwa ile ngori ya mizigo yote kwanza. Lazima ukumbuke kila kitu kilikuwa wapi ndio ujue kama kimebaki pale pale. Ndio maana kawaida ya hizi programu ni kuweka kabla na baada ya kitu kimoja bega kwa bega.

Nani anachagua foleni?

Unaweza kusema, si kompyuta ijaribu foleni zote tu ichague iliyo bora? Hesabu basi. Maswali 10 yana njia 3,628,800 za kupangwa. Maswali 20, kompyuta ikijaribu foleni milioni moja kwa kila sekunde, itamaliza baada ya zaidi ya miaka 77,000. Na biashara yako ya oda 30 ina maswali 60.

Mwaka 1996, Beate Bollig na Ingo Wegener wa Ujerumani walithibitisha kwamba hata kujua tu kama foleni uliyonayo inaweza kuboreshwa ni swali la kundi linaloitwa NP-kamili. Kwa lugha ya mtaa: hakuna mtu amewahi kupata njia ya haraka inayofaulu kila mara, na wengi wenye kujua wanaamini haipo.

Kwa hivyo watu wanatumia ujanja. Kuna miwili mikubwa.

Wa kwanza ni kuuliza: nani anahusiana na nani? Unachora kila kitu kama nukta, na kitu kimoja kikihitaji kingine ili kibadilike, unavuta mstari. Halafu unapanga foleni ili wenye mistari wakae karibu. Programu moja inaitwa Gamer, ya Stefan Edelkamp na Peter Kissmann, hufanya hivyo: inaanza na foleni fulani, inabadilisha nafasi za maswali, na inashikilia mabadiliko yanayofanya mistari iwe mifupi. Gamer ilishinda kitengo cha mipango bora kabisa kwenye mashindano ya kimataifa ya programu za kupanga mwaka 2008. Mwaka 2014 kitengo hicho kilichukuliwa na SymBA*, ya Álvaro Torralba na wenzake, ambayo pia inatumia hii michoro.

Wa pili ni wa Richard Rudell, mwaka 1993. Unachukua swali moja, unalipandisha foleni hadi juu, unalishusha hadi chini, unaangalia ni wapi mchoro ulikuwa mdogo zaidi, unaliacha hapo. Unachukua swali lingine, hivyo hivyo. Ni kama makanga anayejaribu abiria kwa kila kiti hadi gari litulie. Inawezekana kwa sababu kubadilisha maswali mawili yaliyofuatana kunagusa steji za hayo mawili tu, sehemu ingine ya mchoro haisumbuliwi.

Lakini tusidanganyane, hakuna dawa ya kila ugonjwa. Kissmann na Jörg Hoffmann walichunguza ule ujanja wa mistari, na makala waliyotoa 2013 na 2014 yalionyesha kuna kazi ambapo foleni inayofuata mistari vizuri kabisa bado inaweza kuwa mbaya mno kuliko iliyo bora. Mistari inakupa rada, haikupi hakikisho. Na kuna kazi zingine hazina foleni nzuri hata moja. Kuzidisha namba mbili kubwa ni mojawapo: Bryant alithibitisha mwaka 1991 kwamba upange maswali vile unataka, mchoro utavimba tu. Ukikutana na kazi kama hiyo, unatafuta zana ingine.

Na hapa kwetu je?

Usifikiri hizi ni stori za watu wa mbali. Panda gari kutoka Malindi uelekee kaskazini, upite Mambrui, uingie Ngomeni. Pale baharini kuna majukwaa ya San Marco ambayo Waitaliano walitumia kurushia satelaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa hapo satelaiti ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Jina la Kiswahili, kutoka pwani yetu, liko kwa vitabu vya sayansi ya anga hadi leo.

Siku hizi kituo hicho, kinachoitwa kwa jina la Luigi Broglio, kinafanya kazi ya kuongea na satelaiti zikipita. Moja ni Swift, iliyorushwa 2004, ambayo ilitengenezwa ikiona mlipuko mkali angani ijigeuze yenyewe kuuangalia bila kungoja mtu abonyeze kitu, na data yake imekuwa ikipitia Malindi.

Sasa fikiria kazi ya kupanga mawasiliano kama hayo. Satelaiti ya karibu na dunia inapita juu yako kwa dakika chache tu, halafu inaishia. Madishi ni machache. Kwa kila satelaiti kuna maswali: iko juu saa hii? Dishi lake liko huru? Data imejaa? Ni zile oda za nduthi tu, zimevaa suti. Na sheria ni ile ile: maswali ya satelaiti moja yakae pamoja. Kupanga kwa kompyuta huko angani si ndoto pia. Mei 1999, programu ya NASA inayoitwa Remote Agent ilijipangia kazi yenyewe na kuongoza chombo cha Deep Space 1 mbali na dunia.

Wewe unatoka na nini?

Hii ndio sababu nimekuandikia. Vijana wengi wa Kilifi na Malindi wanajiambia hawawezi kuingia kwa hizi kazi kwa sababu mashine ni mzee na doo ya kununua mpya hakuna. Kwa kazi zingine hiyo ni kweli. Kwa hii, tofauti ya GB 34 na KB moja haikuletwa na mashine. Ililetwa na mtu aliyekaa chini akauliza nani anahusiana na nani kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Hilo swali halina bei.

Zana zenyewe ni za bure. Kuna CUDD, maktaba ya kuchora hii michoro iliyotoka Chuo Kikuu cha Colorado. Kuna Fast Downward, programu ya kupanga ambayo msimbo wake uko wazi, unaweza kuufungua ndani uone vile inafanya.

Lakini anza na karatasi na biro. Chukua oda mbili tu, Takaungu na Watamu, maswali manne. Chora mchoro kwa foleni ya oda moja moja. Halafu chora tena kwa foleni ya mizigo yote kwanza. Unganisha steji zinazofanana, toa zisizo na kazi, halafu hesabu pamoja na zile mbili za mwisho. Ukipata 6 kwa wa kwanza na 8 kwa wa pili, umeshika.

Ukipata zaidi ya hapo, kuna steji mbili zinafanana na hujaziunganisha. Angalia sana zile za mteja wa Watamu.